Usimlaumu Mlinzi Kabla ya Kukagua Waya

Na Afisa Uhusiano wa Jeshi

Mlinzi akipiga kengele usiku, kamanda mwenye busara hambadilishi kabla ya kujua alichokiona. Kanuni hiyo hufundishwa mapema katika maisha ya askari, lakini aghalabu tunaisahau tunaposimama mbele ya injini. Taa nyekundu ikiwaka, tunakimbilia dukani kununua kifaa kipya. Kifaa kikifungwa na taa ikazimika, tunashangilia. Baada ya wiki mbili taa huwaka tena, na fedha zimekwisha.

Hayo ndiyo yaliyoipata mashua moja katika ziwa Nakivale. Nakivale ni makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1958, na yamo katika wilaya ya Isingiro, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara. Leo yana watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko, na Kiswahili huwaunganisha wengi wao. Ziwa lenyewe ni moja ya maziwa ya bonde la mto Rwizi, mto ule ule unaopita mjini Mbarara. Kina chake ni kifupi, maji yake yana tope, na kandokando yake pana mafunjo na viboko.

Mashua hiyo, mali ya mfanyabiashara mmoja wa Mbarara, ilikuwa haijatimiza mwaka tangu iliponunuliwa. Jioni moja ilikuwa na watu tisa na mizigo yao, upepo ukivuma. Ghafla king'ora kikalia na injini ikajipunguzia nguvu yenyewe hata isiweze kushindana na upepo. Mashua ikasukumwa hadi kwenye mafunjo, mahali ambapo viboko hupenda kujificha. Abiria walitolewa usiku kwa mitumbwi ya wavuvi. Hakuna aliyeumia, lakini hiyo ilikuwa mara ya tatu kwa injini hiyo kufanya hivyo.

Sensa ni nini?

Sensa inayosemwa hapa si ile ya kuhesabu watu. Ni kifaa kidogo kinachohisi joto, shinikizo la hewa au mwendo wa mashine, kisha kikapeleka habari kwa umeme kwenye kompyuta ya injini. Zamani kazi ya kuchanganya petroli na hewa ilikuwa ya kabureta. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilipotoa mtambo wake wa D-Jetronic mwaka 1967, ukafungwa katika gari la Volkswagen, kazi hiyo ilianza kuhamia kwenye umeme. Leo hata injini za mashua ziko hivyo. Kompyuta isipoiamini habari iletwayo, hupunguza nguvu ili injini isiungue. Ni ulinzi mzuri kwa mashine, lakini kwa abiria walio katikati ya ziwa waweza kuwa hatari.

Mara ya kwanza kompyuta ilitaja sensa ya joto. Ikaagizwa mpya kutoka Kampala. Mara ya pili ikataja sensa ya shinikizo la hewa. Nayo ikabadilishwa. Mara ya tatu, usiku ule wa viboko, ikataja sensa ya mkono wa mafuta. Mwenye mali akaanza kusema kwamba ameuziwa injini mbovu.

Fundi anauliza kwanza

Nilikuwapo makazini kwa shughuli nyingine siku mashua hiyo ilipokaguliwa. Fundi aliyeitwa ni mzee mmoja kutoka Kongo, ambaye riziki yake ya kila siku ni kutengeneza pikipiki. Hakushika spana kwanza. Alimwita nahodha, kijana mpole, akamwuliza: "Mwanangu, ikianza kulia, wewe huwa unafanya nini?"

Kijana akajibu: "Mzee, huwa nakata kona ya kushoto, mashua ikiwa na mzigo. Mara zote tatu ilikuwa hivyo."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Fundi akanigeukia. "Afande, walinzi watatu wa malango matatu wakinyamaza saa moja, wewe utawafunga wote watatu?"

Nikamjibu kwamba ningetazama kwanza waya wa simu wanaoutumia wote. Akacheka, akafungua mfuko wake.

Ukaguzi kwa mpango

Alianza na betri. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikipumzika, yapasa kuonyesha volti 12.6 hivi, injini ikinguruma, kwa kawaida hupanda kati ya 13.8 na 14.5. Vipimo vikawa sawa. Umeme ukiwa dhaifu, au waya wa hasi ukiwa umelegea, sensa nzima huweza kuonekana mbovu.

Pili, alitazama maji ya kupoza injini. Katika ziwa lenye tope na majani, tundu la kuvutia maji huziba, na panga la mpira lililo ndani ya pampu huchakaa upesi. Hapo sensa ya joto ikilalamika husema kweli, na anayeibadilisha anamfukuza shahidi mwaminifu. Kijito cha maji kilichotoka nyuma ya injini kilikuwa na nguvu, basi akaendelea.

Tatu, aliipima ile sensa ya joto ya zamani, ambayo nahodha alikuwa ameihifadhi. Sensa nyingi za aina hiyo huwa na ukinzani wa omu 2,500 hivi katika joto la nyuzi 20, na hushuka hadi omu 300 hivi katika nyuzi 80. Aliitia katika maji baridi, kisha katika maji ya moto. Ilikuwa nzima kabisa.

Nne, akaja kwenye waya. Katika injini ile sensa zote tatu zilipata umeme wa volti 5 kutoka kompyuta kwa njia moja. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo umefunguliwa, mita ilionyesha 5. Akamwambia kijana ageuze usukani kushoto hadi mwisho. Mita ikaanguka chini ya 2.

Siri ikafichuka. Wiki chache baada ya mashua kununuliwa, mtu alifunga kipimo cha kina cha maji, akaukaza mkungu wa waya kwa kamba ya plastiki mahali ambapo injini hugeuka. Kila kona ya kushoto iliuvuta mkungu na kuusugua kwenye chuma, hata ngozi ya waya ikachubuka. Kila sensa mpya ilipofungwa, mkungu ulisogezwa kidogo, waya ukaachana na chuma kwa siku kadhaa. Ndiyo sababu kila tiba ilionekana kufaa. Waya ulikatwa palipochubuka, ukaungwa, ukafunikwa kwa mrija wa plastiki unaonywea kwa joto, na mkungu ukaachiwa nafasi ya kucheza. Kisha mashua ikapelekwa ziwani na kukatishwa kona ya kushoto mara nyingi, ikiwa na magunia ya mchanga badala ya watu. King'ora hakikulia.

Funzo kwetu

Mwaka 2017 askari wa UPDF walianza kushika doria katika maziwa yetu kuzuia uvuvi haramu, na polisi wa majini nao wana kazi yao. Kwa hiyo habari hii si ya mfanyabiashara mmoja tu. Chombo kinachozima ziwani huhatarisha askari pamoja na raia anayemtegemea.

Yafaa basi kila chombo kiwe na daftari, na kila king'ora kiandikwe: siku, saa, mwendo, mzigo, na usukani ulikuwa wapi. Kifaa chochote kipya kikifungwa, nacho kiandikwe. Chombo kikiwa bado katika dhamana, waya zisikatwe kabla ya muuzaji kuarifiwa kwa maandishi; daftari hilo ndilo litakalokuwa ushahidi. Sensa ibadilishwe mwisho, baada ya betri, maji na waya kukaguliwa.

Na zaidi ya yote, aulizwe yule aliyekuwa zamu. Nahodha wa Nakivale alikuwa na jibu tangu siku ya kwanza, na sensa mbili zilinunuliwa kabla ya mtu kumwuliza.