Mambo ya Gizani Yametoka Wazi

Sisi tunaochunga wakristu wa Likasi, wa Buluo na wa vijiji vya kandokando, tunaona badiliko moja kubwa. Zamani mukristu aliyekwenda kwa mufumu alikwenda usiku na kurudi mbele ya jogoo kuwika. Siku hizi mufumu anaandika kazi yake juu ya ubao kando ya njia, na watu wanaingia kwake muchana bila woga wa kuonekana. Wengine kati yetu wanalia: « Upagano umerudi! » Lakini kulia si kufundisha. Tuulize kwanza: ni kitu gani kilichobadilika, na hatari yenyewe iko wapi?

I. Namna mambo yalivyobadilika

Wankambo wetu hawakumuficha mufumu. Alikuwa mutu wa wazi, mwenyi kuheshimiwa. Aliyejificha ni mulozi, adui wa uzima wa wote. Kifo kilipoingia katika kijiji, mufumu alitafuta mwenyi kosa, na pengine watu walimunywesha mwavi. Aliyetapika alihesabiwa kuwa mwema. Aliyekufa alihesabiwa kuwa mulozi. Hivi watu wengi wasio na kosa walipoteza maisha yao.

Serikali ya Wabeleji ilikataza majaribu hayo, na kitabu cha sheria za azabu cha mwaka 1940 kinayaazibu. Mamisionari nao walichoma manga na sanamu. Je, imani ya zamani ilikufa? Hapana, ilijificha ndani ya nyumba. Padri Placide Tempels, Mufransisko aliyefika Congo mwaka 1933, alitambua jambo hilo katika kazi yake huku Katanga. Kitabu chake juu ya filozofia ya Wabantu kilitoka Elisabethville mwaka 1945. Alieleza humo kama chini ya desturi zetu kuna fikira moja ya nguvu ya uzima, inayoweza kuongezeka ao kupunguka. Mwalimu asiyejua njaa hiyo ya uzima anabatiza ngozi tu. Moyo unabaki nje.

Kisha Mutaguso wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kama Kanisa halikatai jambo lolote la kweli na takatifu linalopatikana katika dini zingine. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliondoa majina ya kikristu, ikahimiza watu kurudia mambo ya wankambo. Jambo hilo lilileta magombano na Kanisa. Lakini mwaka 1988 Roma yenyewe ilikubali Misa ya majimbo ya Zaire, ambamo wankambo wenye moyo wa haki wanaitwa pamoja na watakatifu. Basi, aibu ya kuwataja wankambo iliondoka, na ni vizuri.

Ubaya ulikuja kwa mulango mwingine. Katika miaka ya 1990 kazi ya Gécamines ilianguka, mishahara ikakosekana, na nyumba nyingi zikaingia katika shida. Watu wakatafuta tena mwenyi kosa, na katika miji mingi ya inchi yetu wakamupata ndani ya nyumba: yatima, mutoto wa kambo, bibi muzee. Tena, vyumba vingine vya maombi vilisaidia kumutaja.

II. Kupambanua

Ni lazima tusichanganye mambo mane.

Kwanza, heshima kwa wankambo. Si zambi, kama ibada inabaki ya Mungu peke yake.

Pili, dawa ya mizizi na majani. Ni kazi ya Muumba. Lakini Katekisimu ya Kanisa, katika namba 2117, inaonya kama dawa ya kizamani haitoi ruhusa ya kuita nguvu mbaya wala ya kuwadanganya watu wepesi kuamini.

Tatu, kupiga ramli na kuvaa manga. Hapa amri ya kwanza inavunjwa, hata kama ubao wa mufumu ni muzuri.

Nne, kumutaja mutu kuwa mulozi. Hapa amri ya tano na ya munane zinavunjwa pamoja, maana ni ushuhuda wa uongo wenye kuua.

Tunashangaa kuona kama wakristu wengi wanaona aibu kwa jambo la kwanza, na hawaoni aibu kwa jambo la nne.

III. Sheria na woga

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mutoto kwa ulozi. Na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa watoto inamutia anayefanya hivyo katika kifungo. Mwaka ule ule, huko Luanda, Papa Benedikto XVI alisikitikia watu wanaoishi katika woga wa roho mbaya, hata wanawahukumu watoto wa barabarani na wazee. Watu wa Buluo wako karibu na gereza kubwa, wanajua maana ya kifungo. Lakini gereza linafunga mwili, haliondoi woga. Kazi hiyo ni yetu.

IV. Tufanye nini?

Mama mumoja amefiwa na mutoto. Anauliza: « Nani alimula? » Tukijibu tu: « Ulozi haupo », atanyamaza mbele yetu, na jioni atakwenda kwa mufumu. Afazali tukae naye katika kilio. Tumuulize ugonjwa ulianza namna gani, na wale wanaobaki nyumbani tuwasindikize kwa munganga.

Padri ao katekista asitaje jina la mutu hata mara moja, wala asikubali litajwe katika sala. Maji ya baraka na rozari yasigeuke manga mengine. Na mutoto aliyeshitakiwa, tule naye katika sahani moja, mbele ya macho ya wote. Fundisho hilo watu watalisikia mbele ya mahubiri yetu.

Tukumbuke habari ya kipofu katika Evanjili ya Yoane, sura ya 9. Wanafunzi walitafuta mwenyi kosa. Bwana alimutafutia yule kipofu uzima. Sisi nasi tuchague njia hiyo.