Injini ya Caravan ya Mafia: turbaini mbili, kila moja na upande wake

Ukipanda Cessna Caravan kutoka Dar es Salaam kwenda Kilindoni, Mafia, sikiliza injini ikiwashwa. Mluzi unapanda, lakini propela inachelewa kuzunguka. Kwa nini?

Injini hiyo, PT6A, ina turbaini mbili, yaani magurudumu yenye mapanga madogo yanayosukumwa na gesi ya moto. Ya kwanza inazungusha kompresa, mizunguko kama 37,500 kwa dakika. Ya pili inazungusha propela kupitia gia zinazoshusha kasi hadi 1,900. Kinachoziunganisha turbaini hizi ni gesi tu, ndiyo maana moja hutangulia.

Sasa utamu wenyewe: zinazunguka pande tofauti. Gesi ikisukuma turbaini ya kwanza kwenda kulia, yenyewe aghalabu hutoka imepinda kushoto. Turbaini ya pili nayo inazunguka kushoto, kwa hiyo mapanga yasiyozunguka yaliyo katikati hayana kazi kubwa ya kuigeuza gesi. Msuguano unapungua, nguvu zaidi inafika kwenye propela.

Lakini kuna mtego. Shafti moja ikipita ndani ya nyingine na beringi ikawekwa kati yao, beringi hiyo hubeba kasi zote mbili zikijumlishwa. PT6A inakwepa hilo: shafti zake zinatazamana, kila moja na beringi zake. Ukiwa juu ya bahari na injini moja tu, kupunguziwa kitu kimoja cha kuharibika si haba.