Stashahada ya Sheria: Pima Ajira Kabla ya Kukopa Ada

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Matokeo ya Kidato cha Nne na cha Sita yanapotangazwa, wazazi na walezi huanza kutafuta vyuo. Baadhi yao huchagua astashahada au stashahada ya sheria, kwa matumaini kwamba kijana atapata kazi mahakamani, Polisi, Magereza au katika Serikali za Mitaa. Matumaini hayo ni halali. Hata hivyo, familia nyingi huanza kwa kuuliza kiasi cha ada, ilhali swali la kwanza lingepaswa kuwa: cheti hiki kinafungua mlango gani wa ajira, na mshahara wa ajira hiyo unaweza kubeba deni gani?

Milango ya ajira

Stashahada ya sheria pekee haimfanyi mtu kuwa wakili. Anayetaka uwakili huhitaji shahada ya sheria, kisha mafunzo katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Kwa kijana huyo, stashahada ni daraja tu la kuelekea chuo kikuu, na safari ya gharama bado ni ndefu.

Anayetaka kuwa askari ana njia nyingine. Mafunzo ya awali ya askari, kama yale ya Shule ya Polisi Moshi, hugharimiwa na Serikali, na matangazo ya ajira hupokea pia wahitimu wa Kidato cha Nne wenye sifa zilizotajwa. Matangazo hayo huweka ukomo wa umri. Hivyo, kijana anayelenga uaskari asome kwanza masharti ya tangazo, asije akatumia miaka na fedha kwa cheti ambacho hakikuombwa.

Katika Halmashauri, nafasi inayowahusu moja kwa moja waliosoma sheria ni ya Mtendaji wa Kijiji, ambaye pamoja na majukumu mengine husimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao. Mara nyingi matangazo ya nafasi hiyo hutaka cheti cha ngazi ya tano katika utawala, sheria, maendeleo ya jamii au fani nyingine zilizoorodheshwa. Yaani, mlango huo unaweza kufunguliwa na astashahada, bila kungoja gharama ya stashahada.

Ipo pia kazi ya msaidizi wa kisheria inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ni kazi yenye heshima na manufaa makubwa vijijini, lakini msaada huo hutolewa bure kwa wasio na uwezo. Asiitegemee mtu kama chanzo cha kulipia deni.

Gharama halisi

Tuchukue mfano wa kufundishia. Ada ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Chumba na chakula ni 150,000 kwa mwezi kwa miezi 10 ya masomo. Nauli, vitabu na mafunzo kwa vitendo ni 300,000 kwa mwaka. Kwa miaka miwili jumla ni shilingi 6,000,000. Ada ni 2,400,000 tu kati ya hizo. Iwapo kijana alikuwa anaingiza 120,000 kwa mwezi kwa bodaboda au genge, kwa miezi hiyo 20 atakuwa ameacha kipato cha 2,400,000. Gharama halisi kwa kaya inafika shilingi 8,400,000.

Mikopo haifanani

Tuseme kaya hiyo imekopa 3,000,000 kwenye kikundi kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Riba pekee ni 150,000 kila mwezi. Ndani ya miezi 24 inafika 3,600,000, yaani imezidi fedha iliyokopwa. Kijana akipata kazi na kutenga 100,000 kwa mwezi, hajafikia hata riba. Deni halipungui hata shilingi moja. Mkopo wa namna hii unafaa biashara inayozungusha fedha kila mwezi. Masomo hayazungushi fedha.

Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ina masharti nafuu zaidi. Mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Mwenye mshahara wa msingi wa 600,000 hukatwa 90,000. Deni la 8,000,000 humchukua takribani miaka saba na nusu, bila kuhesabu tozo ya uendeshaji. Lakini mikopo ya stashahada ilipoanza mwaka 2023/2024 ilielekezwa kwenye fani za kipaumbele kama afya, ualimu, usafirishaji, nishati, madini na kilimo; sheria haikuwamo. Mwongozo hutolewa kila mwaka, hivyo usomwe kabla ya kupanga bajeti.

Aidha, wananchi wanakumbushwa kwamba mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni kwa shughuli za kiuchumi. Haitolewi kwa ajili ya ada.

Kabla ya kujaza fomu

Mzazi na kijana wakae pamoja na kufanya mambo manne. Kwanza, wathibitishe kwamba chuo na kozi vinatambuliwa na NACTVET. Pili, wasome matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yaliyokwisha kutolewa na kuandika ngazi ya elimu iliyotakiwa kwa kazi wanayoilenga. Tatu, wakokotoe gharama zote, si ada pekee. Nne, wakubaliane nani atalipa deni endapo ajira itachelewa kwa mwaka mmoja au miwili baada ya kuhitimu.

Ikiwa jibu la swali la nne ni kuuza shamba linalolisha kaya, ni busara kuanza na astashahada, kufanya kazi, kisha kujiendeleza. Wananchi wanaweza pia kuomba ushauri wa Maafisa Maendeleo ya Jamii wa kata wanapofanya hesabu hizi.