Jibu Lililokwama Kati ya Simu na Seva

Zamani chuo kilichotaka programu ya simu ya kufundishia kililazimika kuiandika mara mbili: ya Android kwa Java, ya iPhone kwa lugha za Apple. Leo msimbo mmoja unatosha. Facebook walitoa zana ya React Native mwaka 2015, Google wakaja na Flutter 1.0 mwishoni mwa 2018, na programu ya Moodle, ambayo wanafunzi wengi wa vyuo vyetu wameizoea, imejengwa kwa Ionic. Watengenezaji hubishana mno kuhusu zana ipi ni bora. Kwa maoni yangu, timu ichague ile ambayo lugha yake inaijua, muda ubaki kwa kazi ngumu zaidi: mtandao unapokata.

Mwanafunzi yuko ndani ya daladala. Amemaliza jaribio, anabonyeza "Wasilisha". Majibu yanafika kwenye seva na kuhifadhiwa, lakini kabla uthibitisho haujarudi, mtandao unakata. Simu haijui kilichotokea. Ikinyamaza, huenda kazi ikapotea. Ikituma tena, seva inaweza kuhesabu majaribio mawili, na pengine aliruhusiwa moja tu. Dawa yake si kubwa, ila lazima ipangwe tangu mwanzo. Kabla ya kutuma, simu inalipatia jaribio namba ya pekee na kulihifadhi kwenye hifadhidata yake ya ndani, kwa mfano SQLite, kisha inalituma na kurudia hadi ijibiwe. Seva ikikuta namba ile ile mara ya pili, hairekodi upya; inajibu tu kwamba imeshapokea.

Muda wa mtihani nao una mtego, kwa sababu yeyote anaweza kurudisha nyuma saa ya simu yake. Muda wa kuanza utolewe na seva, na dakika zinazopita zipimwe kwa saa ya ndani inayohesabu tangu simu ilipowashwa, ambayo mtumiaji hawezi kuibadilisha kwenye mipangilio.

Na bando je? Video ya dakika 10 iliyobanwa hadi kilobiti 500 kwa sekunde inakula takriban MB 37.5. Sauti ya somo hilo hilo, kwa kilobiti 32, ni MB 2.4. Mwanafunzi apewe nafasi ya kuchagua sauti na maandishi peke yake, na upakuaji ukikatika uendelee pale ulipoishia. Kuuanza upya ni kumlipisha mara mbili kwa somo moja, na hilo siwezi kuliita kasoro ndogo.

Katika kutuma kazi wakati programu haiko wazi, msimbo mmoja haukuokoi. iOS huibana sana programu mtumiaji akishaiacha na kufungua nyingine, na simu nyingi za Android za bei nafuu huizima kabisa ili kuokoa chaji. Kwa hiyo usimwahidi mwanafunzi kwamba kazi itajituma yenyewe usiku. Mwandikie wazi, "Majibu yamehifadhiwa kwenye simu, bado hayajatumwa", na usimwonyeshe "Yamepokelewa" mpaka seva yenyewe iwe imejibu.