Hesabu ya bakteria mwenye njaa

Bakteria Bacillus subtilis anaishi udongoni, na chakula kikimwishia anaweza kujigeuza spora: punje kavu yenye magamba magumu, isiyokula wala kukua, inayostahimili joto na ukame kwa miaka mingi. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, na ikifika mbali hairudi nyuma. Akiharakisha, wenzake watakula na kuzaana yeye amelala. Akichelewa, nguvu za kuimaliza hatakuwa nazo.

Ferdinand Cohn alizieleza spora hizi mwaka 1876, na tangu hapo protini nyingi zinazohusika zimetambuliwa. Lakini kuzijua protini hakutoshi kueleza uamuzi unapitishwa saa ngapi. Kwa hilo, kwa maoni yangu, hisabati imetusaidia kuliko hadubini peke yake.

Mwaka 2015 kundi la Oleg Igoshin wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, likishirikiana na la Gürol Süel wa San Diego, lilichapisha modeli ya milinganyo inayofuatilia protini hizo ndani ya seli. Siri ilikuwa mahali jeni zilipokaa. Jeni ya protini Spo0F iko karibu na pale DNA inapoanza kunakiliwa. Ile ya protini KinA iko karibu na mwisho. Basi unakili ukiwa katikati, Spo0F ina jeni mbili, KinA bado moja. Spo0F ikizidi huizuia KinA, na amri ya kutengeneza spora hunyamaza. Unakili ukikamilika, uwiano hurudi, na Spo0A, protini inayotoa amri, hupanda ghafla. Jeni hizo mbili zilipowekwa upande mmoja wa DNA, kupanda huko kwa ghafla kulitoweka, kama milinganyo ilivyotabiri.

Na kuna sababu nzuri ya kusubiri. Spora inahitaji DNA kamili yake, na seli mama inayoijenga inahitaji ya kwake. Amri ikitolewa kabla nakala zote mbili hazijakamilika, kazi yote huharibika.

Wafugaji wetu wana sababu ya kulifuatilia jambo hili, maana bakteria wa kimeta ni ndugu wa huyu. Ndani ya mnyama hatengenezi spora; huzitengeneza mzoga ukipasuliwa akakutana na hewa, na udongo hubaki na spora hizo miaka mingi. Ng'ombe akifa ghafla huku damu ikimtoka puani, usimchune wala kumpasua. Mwite daktari wa mifugo.