Kabla Mwalimu wa Muziki Hajaihama Windows

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 2015. Hakuna kompyuta iliyozimika siku hiyo. Zinawaka kama kawaida, zinarekodi, zinaingia Zoom. Kilichokoma ni viraka vya usalama, na mtumiaji wa nyumbani aliyejiandikisha kuongezewa muda alipewa hadi 13 Oktoba 2026. Kwa mtu anayeitumia kompyuta kutazama mpira tu, hilo halina haraka. Lakini mwalimu wa muziki anayefundisha kwa mtandao ana mashine moja yenye kila kitu: rekodi za miaka, video za wanafunzi, barua za wazazi na malipo yake. Huyo lazima aamue.

Uamuzi ungekuwa mwepesi kama Windows 11 ingeipokea kila mashine. Haizipokei zote. Inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Sasa tazama laptop za mtumba zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue kwa bei ambayo mwalimu anaimudu: ThinkPad T460, Dell Latitude E7470 na ndugu zao, mashine imara zilizostaafishwa maofisini. Nyingi ni za kizazi cha sita. Kwa kazi ya sauti hazijazeeka. Ukiziwekea RAM ya GB 8 na diski ya SSD zinarekodi kwaya, kinanda na besi bila kulalamika. Ziko njia za kuilazimisha Windows 11 ikae humo, ila Microsoft haiwajibiki kuendelea kuzipatia masasisho, kwa hiyo unarudi palepale ulipoanzia.

Mac ni jibu zuri kwa mwenye fedha asiyependa kuchokonoa. Mfumo wa sauti uitwao Core Audio umo ndani tangu kiwandani na GarageBand inakuja bure. Jihadhari tu na Mac za bei poa zenye prosesa za Intel: toleo la Tahoe la mwaka 2025 ndilo la mwisho kuzihudumia. Ukinunua Mac ya mtumba leo, iwe yenye chipu ya M1, iliyotoka mwishoni mwa 2020, au ya baada ya hapo.

Wanaobaki, nao ni wengi, huuliza kuhusu Linux, mfumo endeshi wa bure. Huuliza kama inafaa kwa muziki, na hapo mafundi hugawanyika makundi mawili na kuanza kubishana. Swali hilo halijibiki mpaka ijulikane unatumia programu gani na vifaa gani. Kwa hiyo nasema hivi: hamisha kazi kwanza, mfumo ufuate. Ukiwa bado kwenye Windows yako, anza kufanya shughuli zako kwa programu zilizopo pande zote. Reaper ya kurekodi ipo Windows, Mac na Linux, unaijaribu siku 60, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Ardour na Audacity nazo zipo kotekote, pamoja na MuseScore ya kuandika nota na OBS ya kupanga kamera. Kwa ratiba na barua kuna LibreOffice, mzao wa OpenOffice ileile ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo. Fundisha na rekodi hivyo muhula mzima. Kazi ikienda, kubadilisha mfumo kutakuwa shughuli ya mchana mmoja. Isipoenda, umeshajua bila kufuta chochote.

Kikwazo kikubwa kwa vijana wetu kitakuwa FL Studio. Haina toleo la Linux. Cubase, Ableton Live, Logic na Pro Tools nazo hazina. Yapo madaraja ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, na lile liitwalo yabridge huzibeba plagini nyingi vizuri, ila plagini zenye kufuli kali za leseni hukwama na hakuna wa kumlalamikia. Ambaye kipato chake kinatokana na biti za FL Studio asihame. Atafute mashine inayoipokea Windows 11. Na tuseme kweli, FL Studio nyingi zilizomo kwenye studio za vyumbani hazikununuliwa. Zimekrakiwa, na faili za kukrakia ni mlango unaopendwa sana na virusi. Programu iliyokrakiwa juu ya Windows isiyopata viraka, kwenye kompyuta hiyohiyo unayopokelea ada za wanafunzi, ni hatari kuliko mfumo wowote utakaouchagua.

Walimu wanaoandika nota wana somo lao la karibuni. Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kuiacha Finale, programu ya nota iliyodumu miaka 35. Watu wenye mamia ya nyimbo ndani ya faili za Finale wakaanza kuhangaika. Dawa yake, na ni dawa pia kwa anayehama mfumo, ni kutoa kila wimbo katika muundo wa MusicXML, unaofunguka MuseScore na kwingineko. MuseScore ina hata alama za robo sauti, kwa hiyo mwalimu wa taarabu anayeandika makamu za muziki wa Kiarabu hatapungukiwa.

Sasa tuje kwenye sauti yenyewe, maana hapa ndipo mifumo inapotofautiana kweli.

Mwimbaji anayejisikiliza kwenye hedifoni wakati anarekodi hujisikia kwa kuchelewa kidogo. Kompyuta haichukui sauti tone kwa tone. Hujaza ndoo, ikijaa ndipo huibeba. Ndoo hiyo huitwa bafa. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 256 hujaa kwa milisekunde 5.3, na ya sampuli 1,024 kwa milisekunde 21 na kidogo. Sauti huingia kwa bafa moja na kutoka kwa nyingine, kwa hiyo zidisha kwa mbili. Hewani sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Bafa ndogo itakufanya ujisikie kana kwamba uko mita tatu na nusu hivi kutoka kwenye spika, jambo ambalo mwanamuziki wa jukwaani amelizoea. Bafa kubwa itakupeleka karibu mita 15, na hapo hata mwimbaji hodari huanza kuburuta. Ukiipunguza bafa kupita uwezo wa mashine, sauti hukatikakatika. Kazi yote ya kuandaa kompyuta kwa muziki ni kutafuta bafa ndogo isiyokatika.

Windows kwa kawaida huipitisha sauti ya kila programu kwenye mchanganyiko wake wa ndani, na njia hiyo si fupi. Ndiyo maana Steinberg ya Ujerumani ilitoa ASIO mwaka 1997, ili programu ya kurekodi izungumze na kadi ya sauti moja kwa moja. Anayehamia Linux huitafuta ASIO na kutoiona. Haihitajiki. Draiva za kadi zimo ndani ya kiini cha mfumo, na juu yake iko PipeWire, kazi iliyoanzishwa na Wim Taymans na kufikia toleo la 1.0 Novemba 2023. Kabla yake Linux ilikuwa na mifumo miwili isiyopatana: JACK ya Paul Davis, mwasisi wa Ardour, kwa wanaorekodi, na PulseAudio kwa wengine wote. Ulikuwa ukifungua JACK kurekodi, kivinjari kinanyamaza. Sifa mbaya ya sauti kwenye Linux ilitokana kwa sehemu kubwa na ugomvi huo, na anayeisimulia leo anasimulia mambo ya zamani. Ubuntu Studio na Linux Mint 22 zinakuja na PipeWire tayari. Aidha, viraka vya kukifanya kiini cha Linux kitimize kazi kwa wakati bila kusubirishwa, vilivyofanyiwa kazi kwa takribani miaka ishirini, viliingizwa rasmi katika toleo la 6.12 la mwaka 2024.

Kwa mwalimu, faida ya PipeWire ni kubwa kuliko bafa. Tuseme unafundisha uimbaji na unataka mwanafunzi asikie sauti yako, kinanda na wimbo wa kuimbia, vyote vikiwa vimesawazishwa. Kwenye Windows utahitaji programu ya ziada inayojifanya waya, na kwenye Mac vilevile. Kwenye Linux unafungua qpwgraph, unaona programu zako zimepangwa kama visanduku, unavuta waya kutoka Ardour hadi Zoom, basi. Mwanafunzi anasikia ulichokichanganya Ardour, na wewe unaweza kukirekodi hapohapo. Kama kuna sababu moja ya mwalimu wa muziki kuichagua Linux hata akiwa na pesa za Windows 11, ni hii.

Kadi ya sauti isikutie hofu, ila iulizie kabla ya kununua. Kadi nyingi ndogo za USB hufuata kanuni ya pamoja ya sauti na hazihitaji draiva maalumu. Kipimo cha haraka: ichomeke kwenye iPad au simu. Ikifanya kazi bila kusakinisha kitu, na Linux itaipokea. Zenye kutaka programu ya kampuni ndipo vibonyezo vyake viamke, ziache dukani. Na ukisikia mngurumo kwenye rekodi usikimbilie kuulaumu mfumo mpya. Chomoa chaja kwanza urekodi kwa betri. Umeme usio na ethi nzuri ukutani huingia kwenye maiki bila kujali unatumia Windows au Linux.

Nije kwenye kufundisha, maana walimu wengi huhama mfumo wakitafuta tiba ya ugonjwa ambao haumo kwenye mfumo. Wanalalamika kwamba mwanafunzi akishikilia noti ndefu ya fidla inafifia na kupotea, au udi unasikika kama uko ndani ya pipa. Hiyo si Windows. Ni programu ya mkutano inayokata kelele. Imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaozungumza, na sauti yoyote inayoendelea bila kubadilika huichukulia kuwa feni. Kwenye Zoom kuna mpangilio wa sauti halisi kwa wanamuziki; uwashe, uwashe na ubora wa juu wa muziki, kisha uzime uondoaji wa mwangwi. Kwenye Google Meet zima ukataji wa kelele. Sharti lake ni hedifoni pande zote mbili, la sivyo mwangwi utarudi. Mwanafunzi naye afanye hivyo kwake, vinginevyo wewe utasikika vizuri naye atakufikia amekatwakatwa. Mpangilio huu hula bando zaidi, mweleze mzazi mapema.

Lipo jambo jingine ambalo hakuna mfumo endeshi utakaolitibu. Mwalimu wa udi aliyeko Mombasa na mwanafunzi aliyeko Muscat hawawezi kupiga pamoja kwenye Zoom. Waya wa baharini wa TEAMS, uliofikishwa Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujairah ya Falme za Kiarabu, jirani na Oman, una urefu wa kilomita 5,000 hivi. Mwanga ndani ya kioo huenda takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 25 zimeshaliwa njiani kabla ya Wi-Fi, kadi za sauti na Zoom yenyewe kuongeza zake, ambazo ni nyingi zaidi. Wanamuziki huanza kupotezana kuchelewa kunapofika kati ya milisekunde 25 na 30 kwa upande mmoja. Hata muunganisho bora kabisa uko ukingoni. Fundisheni kwa kupokezana basi: mwalimu apige, mwanafunzi ajibu, mtindo ambao ngoma na nyimbo zetu zimeutumia siku zote. Kipande cha kupiga pamoja mtumie kimerekodiwa, akipigie kwake, akurudishie rekodi. Hapo kompyuta iliyoandaliwa vizuri inalipa gharama yake.

Ukishaamua Linux, usisakinishe siku ya kwanza. Pakua Ubuntu Studio, iandike kwenye flashi ya GB 16, washa kompyuta kwa flashi hiyo bila kuigusa diski. Itakwenda polepole, usiihukumu kwa hilo. Angalia mambo machache: Wi-Fi inashika? Kadi ya sauti inaonekana? Kamera inafunguka? Maiki inarekodi? Ikiwa Wi-Fi inagoma, ujue hilo ukiwa bado kwenye flashi. Kuweka mifumo miwili kwenye diski moja kunawezekana, lakini simshauri mwalimu. Kunakaribisha hitilafu za kuwaka asubuhi ya somo. Diski ya pili ya SSD inagharimu kidogo kuliko fundi wa kuokoa faili. Itoe ya zamani, weka mpya, sakinisha humo, na mambo yakiharibika unairudisha ile uliyoizoea kwa bisibisi moja.

Fanya haya wakati wa likizo, si wiki ambayo wanafunzi wanarekodi video za mitihani. Na hiyo diski ya zamani usiifute kwa ajili ya kupata nafasi. Ibandike karatasi yenye tarehe, iweke mahali pakavu, na ipite mihula miwili kabla hujaigusa.