Ukanda wa Chini Haukatwi

Picha hizi kila mtu wa Eastlands, Nairobi, anazijua. Mtu ananasa taarifa ya habari kwenye runinga: mbunge aliyeduwaa, au mama aliyesogezewa kipaza sauti akiwa bado ameshika sukuma wiki. Anaandika juu yake sentensi moja ya kuchekesha, na kabla ya chakula cha usiku makundi ya WhatsApp kutoka Umoja hadi Kayole yameicheka. Mimi kilichonishika ni ule ukanda wa chini, wenye nembo ya kituo, saa na kichwa cha habari. Kuukata ni kazi ya kidole kimoja. Mbona hawaukati?

Aliyenijibu ni msusi mmoja wa Umoja, ambaye saluni yake ina runinga inayowaka kutwa. Mikono ikiwa kwenye nywele, maneno huyatunga kichwani. Mteja akienda kuoshwa, yeye huandika. Picha huipiga kwa simu kutoka kwenye kioo cha runinga, na mng'ao wa taa ya saluni huuacha ulivyo.

Kwake ukanda ni shahidi. Ukiuondoa, anasema, uso unabaki wa yeyote yule, pengine wa mwigizaji. Ukiuacha, mtazamaji anajua kwamba jambo hili lilitangaziwa taifa zima, saa ile ile, na kicheko kinapata pa kusimama. Ndiyo maana hupenda taarifa ya saa moja jioni kuliko ile ya Kiingereza ya saa tatu usiku. Ya saa moja huandika Kiswahili sanifu kilichonyooka, naye juu yake huweka Sheng. Chini panaandikwa “Mashauriano yaendelea”, na ofisa amejishika paji la uso. Juu yake: “Ukipatana na landilodi kwa ngazi tarehe sita.” Aliyepanga nyumba ya ghorofa pande hizi hahitaji maelezo, kodi ni mwisho tarehe tano.

Ana masharti makali, na nilimheshimu kwa hayo. Sentensi isifunike macho ya mtu, kwa sababu macho ndiyo yanayoongea. Isiwe ndefu hata msomaji akapumua katikati. Asiweke alama ya kucheka, maana kicheko ni cha msomaji, hakiandikwi kwa niaba yake. Nyingi anazotunga huzifuta. Hii ni kazi ya fasihi, hata kama hakuna anayeilipia.

Asili ya utani huu yeye anaiona kwenye mchongoano, mashindano ya kutaniana ambayo watoto wa mitaa hii wamekulia ndani yake. Ila kwenye mchongoano aliyechongolewa yuko mbele yako, na zamu yake inakuja. Aliye kwenye picha zamu yake iko wapi?

Tarehe 8 Agosti 2017, mkazi wa Kayole alipigwa picha kwenye foleni ya kura akila githeri kutoka mfuko wa plastiki. Watu walikata umbo lake pichani wakalibandika kila mahali duniani, na Desemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akamtunuku nishani. Alitaniwa na nchi nzima, na nchi ikamshukuru. Si wote wanaoangukiwa na bahati hivyo.

Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 ipo. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila idhini yake. Lakini mama wa sukuma wiki alikubali kuhojiwa kuhusu maji. Je, alikubali pia kuwa sura ya mtu anayedaiwa kodi? Msusi ana kanuni yake: viongozi bila huruma, raia pale tu utani unapokuwa upande wao, mfiwa kamwe. Nilipomuuliza ni nani anayeamua utani uko upande wa nani, alinyamaza, akasema hilo bado linamsumbua.

Linalomsumbua zaidi ni kisa cha Bonoko. Kijana wa mtaani aliyekuja kujulikana kwa jina hilo aliieleza runinga kwamba polisi walimpiga mtu risasi kisha wakamwekea bunduki bandia kando yake. DJ Styles akaigeuza sauti ile kuwa muziki, nchi ikacheza, na kijana mwenyewe baadaye akawa mtangazaji wa Ghetto Radio. Msusi alicheka miaka mingi kabla ya kuyasikiliza maneno yenyewe.

Jina la Bonoko tunalijua sote. La aliyepigwa risasi, wachache sana wameliulizia. Ukikutana tena na mahojiano yale, yasikilize hadi mwisho.